Tujaribu Tu Mara Moja

"Tujaribu tu mara moja," mjomba alisema, na ufunguo ulikuwa mkononi mwangu.

Ilikuwa asubuhi ya Februari 2021, siku chache baada ya Kigali kufunguliwa kwa mara ya pili. Gari lilikuwa uani kwake, Rwezamenyo, chini ya mparachichi, mahali pale pale alipoliegesha miezi kumi na mmoja kabla yake. Carina E nyeupe ya mwaka 1996. Majani makavu yalikuwa yamejaa chini ya kioo cha mbele, matairi yamelegea, na vumbi la kiangazi limeganda juu ya boneti kwa mvua zilizofuata. Lakini lilikuwa gari zima. Halikugongwa wala halikuibiwa kitu, na hakuna panya aliyekula nyaya zake. Kwa macho tu ungesema linahitaji maji na sabuni.

Nasimulia yaliyofuata kwa sababu nimeyaona yakirudiwa katika nyua nyingine za mji huu, na kila mara huanza na maneno yale yale manne.

Mjomba aliondoka mwanzoni mwa Machi 2020 kwenda Dar es Salaam, safari ya siku kumi. Machi 14 Rwanda ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Machi 20 usiku ndege za abiria zikasimama. Kesho yake, Machi 21, ikatangazwa kwamba kila mtu abaki nyumbani, na usiku huo nchi ikafungwa. Uwanja wa ndege wa Kigali ulifunguliwa tena Agosti 1, lakini kufikia hapo mjomba alikuwa anamuuguza dada yake, na baadaye akaugua mwenyewe. Alipopata nguvu za kusafiri, Januari 2021, Kigali ikafungwa tena hadi Februari 8. Siku kumi zikawa karibu mwaka.

Mimi ndiye niliyeachiwa ufunguo. "Mwanangu," aliniambia kwa simu ule mwezi wa kwanza, "uwe unaliwasha mara moja moja lisije likalala." Nikawa naliwasha kila Jumapili. Dakika tano, linanguruma pale pale lilipo, nazima, nafunga mlango, na moyo wangu umetulia kwamba amana ya mjomba naitunza. Mwezi Julai betri ikakata roho. Nikaliacha. Ndani ya tangi mlikuwa na petroli kama lita ishirini na tano, chini kidogo ya nusu, na kichwani mwangu hizo zilikuwa mali iliyohifadhiwa, sawa na mchele ndani ya pipa.

Basi asubuhi ile jirani alileta gari lake na waya za kuunganishia betri. Mjomba alipofungua kifuniko cha tangi kutazama, harufu ikatoka, nasi sote watatu tukaisikia. Haikuwa harufu kali ya petroli inayokata pua pale kituoni. Ilikuwa nzito, chachu, kama rangi ya mafuta iliyosahauliwa stoo. Nakumbuka jirani alikunja uso. Nakumbuka pia kwamba hakuna aliyesema neno. Pua zetu zilikuwa zimeshatuambia kila kitu, na yote yaliyotokea baada ya hapo yalitokea kwa sababu tuliipuuza harufu ile.

Nikazungusha ufunguo. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikanyamaza. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tano au ya sita waya za jirani zilikuwa zimeanza kupata moto, na mjomba akasema labda mafuta yamepungua nguvu, tuyaongezee mapya yakayachangamshe. Kijana mmoja wa chuo, mpangaji wa nyumba ya nyuma, akatumwa kituoni na dumu. Tukamimina lita kumi mpya juu ya zile kuukuu, nikazungusha tena, na safari hii likawaka.

Lilikuwa linamisi vibaya. Linatetemeka, linatoa moshi mweusi, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka. Lakini lilikuwa linawaka, na mjomba, ambaye alikuwa amekaa karibu mwaka mzima mbali na kwake, alipiga makofi kama mtoto. Akaketi kwenye usukani mwenyewe. Tukapanda kilima kuelekea Biryogo, na kabla hatujafika juu, injini ikazima katikati ya mwinuko huku basi likitupigia honi nyuma. Breki ilikuwa ngumu kama jiwe, kwa kuwa injini ikizima, kile kisaidizi cha breki nacho hupoteza nguvu baada ya kukanyaga mara mbili tatu. Kijana wa chuo na mimi tuliruka nje tukaweka jiwe chini ya tairi. Anayejua vilima vya Kigali anajua tulikuwa tumebakiza nini.

Tulilisukuma na kulirudisha uani kwa msaada wa wapita njia. Hapo ndipo jirani aliposhauri tumpigie fundi wake wa Gatsata, na fundi akasema kwa simu jambo moja tu: msiliguse, nakuja kesho asubuhi. Mjomba akakata simu na kusema kesho ni mbali. Kama tatizo ni mafuta mabovu, basi tuyatoe wenyewe leo, tununue mengine, tumalize.

Kulikuwa na mpira wa kumwagilia bustani. Kijana akauingiza kwenye mdomo wa tangi, akainama, akaanza kuvuta kwa kinywa. Mafuta yalipanda ghafla. Akameza funda, akapaliwa, akaanguka kwa magoti akikohoa hadi machozi. Mkaza mjomba akaja mbio na bilauri ya maziwa, na mtu mwingine, nadhani ni mimi, akasema atapishwe yatoke.

Nataka niliseme hili polepole kwa sababu wengi wetu tumelelewa tukiamini maziwa na kutapika ndiyo dawa ya kila sumu. Petroli ni nyepesi kuliko maji na huteleza upesi. Ikipita kooni, tone dogo likiteleza kwenye njia ya hewa husambaa ndani ya mapafu kwa kasi ya ajabu na kuyachoma. Tumboni madhara yake ni madogo kuliko mapafuni. Ukimtapisha mtu aliyemeza petroli, unaipitisha kooni mara ya pili, na unampa nafasi ya pili ya kuivuta pumzini. Usimtapishe. Usimpe maziwa, ambayo nayo humchefua akatapika mwenyewe. Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa maji na sabuni, mkalishe wima penye hewa, mpeleke hospitali hata kama anasema yuko sawa, maana mapafu huweza kuanza kulalamika saa kadhaa baadaye. Kijana wetu alisema yuko sawa. Usiku homa ikapanda na pumzi zikawa fupi. Alilazwa siku sita, akiwa na nimonia ambayo haikuletwa na mdudu yeyote bali na mpira wetu wa bustani. Alipona. Mama yake alikuja kutoka Rwamagana kumuuguza, na sikujua nimtazame vipi usoni.

Lakini jioni ile, kabla hatujajua hali yake itakuwa mbaya, tulikuwa bado tuna kazi ya kumaliza. Mafuta yalikwisha kuanza kutiririka kupitia mpira. Tulijaza madumu mawili, na la tatu hatukuwa nalo. Kilichobaki tukakielekeza kwenye mtaro wa maji ya mvua nyuma ya nyumba. Hatua kumi chini yake, kwenye uwanja wa jirani wa pili, palikuwa na imbabura, jiko la makaa, yenye makaa mekundu na sufuria ya maharage juu yake.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea kama moshi, bali hushuka, hutambaa ardhini, hufuata mitaro na mabonde, na hukusanyika mahali pa chini ukisubiri cheche. Petroli haingoji joto ili itoe mvuke unaoweza kushika moto. Hutoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo Kigali haijawahi kuijua. Ni kweli kwamba petroli iliyozeeka imepoteza sehemu yake nyepesi na huwasha injini kwa shida, lakini sisi tulikuwa tumeichanganya na lita kumi mpya. Mkaza mjomba ndiye aliyeiona imbabura. Alipiga ukelele mmoja, jirani akaibeba akakimbia nayo upande wa pili wa nyumba, maharage yakimwagika njiani. Hakuna kilichowaka. Nilikaa chini ukutani na miguu haikuwa na nguvu.

Watu wa kanda hii hatuna udhuru wa kutojua. Julai 2, 2010, pale Sange, kati ya Bukavu na Uvira, ng'ambo ya mpaka wetu, lori la mafuta lilipinduka jioni, watu wakaja kuchota, na moto ukaua zaidi ya watu 230, wengine wakiwa ndani ya vibanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Kenya, Januari 31, 2009, ilikuwa Sachangwan, na waliokufa walipita 100. Morogoro, Agosti 10, 2019, ilikuwa Msamvu, na hapo pia waliokufa walizidi 100. Tunayakumbuka majina haya kama misiba ya barabara kuu na malori makubwa. Lakini moto haupimi wingi wa mafuta kabla ya kuruka. Lita tano ndani ya mtaro wa Rwezamenyo, kwenye nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta, zinatosha.

Fundi alifika saa mbili asubuhi kwa pikipiki, mzee wa makamo mwenye mikono iliyochubuka. Alishafanya kazi Gatsata tangu enzi za magari ya kabureta. Alisikiliza hadithi yote bila kutukatiza. Kisha akaomba chupa mbili tupu za glasi. Moja akaijaza mafuta kutoka dumu letu, ya pili akaijaza petroli mpya aliyokuja nayo, akaziweka juu ya ukuta jua likipiga kwa nyuma. Mpya ilikuwa angavu, karibu na rangi ya maji yenye tone la limau. Yetu ilikuwa rangi ya chai ya rangi, na chini kabisa ya chupa palikaa ushanga wa maji ambao haukutaka kuchanganyika.

"Mzee," alimwambia mjomba, "nyumbani mna marashi?"

Mjomba akasema yapo.

"Chupa ya marashi ukiiacha bila kifuniko, kwanza huondoka nini?"

"Harufu."

"Na shingoni mwa chupa hubaki nini?"

Mjomba akafikiri. "Ute. Kitu cha kunata."

"Basi ndiyo haya."

Sijawahi kusikia maelezo bora. Petroli si kitu kimoja, ni mkusanyiko wa vimiminika vingi vya asili moja, vingine vyepesi mno, vingine vizito. Vile vyepesi ndivyo vinavyowaka kwanza injini ikiwa baridi, na ndivyo vinavyotangulia kuondoka gari likikaa. Tangi halizibwi kama chupa ya soda, lina njia yake ya kupumua, mchana likipata joto na usiku likipoa. Vikishaondoka, vilivyobaki vinakutana na hewa, vinaoksidika pole pole na kugeuka utomvu na asidi. Utomvu huo unanata kwenye chujio, kwenye pampu, na kwenye matundu ya nozeli ambayo ni madogo kuliko ncha ya sindano. Halafu kuna unyevu. Tangi lililo nusu tupu lina hewa nyingi ndani yake, na katika mji kama Kigali, wenye usiku wa baridi na misimu miwili ya mvua, hewa hiyo huacha jasho kwenye kuta za chuma. Maji ni mazito kuliko petroli. Yanakwenda chini, pale pale mdomo wa pampu ulipo, na chuma kinaanza kushika kutu.

Akaongeza jambo ambalo sikuwahi kulifikiri. Petroli tunayoinunua Kigali haijazaliwa leo asubuhi. Imesafishwa mbali, India au nchi za Ghuba, imevuka bahari, imeshushwa bandarini, imekaa katika matangi, imepanda lori na kusafiri karibu kilomita 1,500 kutoka Dar es Salaam hadi daraja la Rusumo na kuendelea hadi hapa, imekaa tena ghalani. Ukiihesabia umri kuanzia siku uliyojaza tangi, umeipunguzia miaka kama mzee anayeficha mvi. Kwa kawaida miezi mitatu ndani ya tangi haina shida. Ikikaribia sita, ongeza mpya nyingi juu ya ile chache, uitumie haraka. Ikizidi hapo, na hasa ikishanuka rangi na kubadilika sura, haiongezewi wala haichangamshwi. Inatolewa.

"Na ile ya kuliwasha kila Jumapili?" nikauliza, nikitumaini angalau sifa moja.

Alinitazama kwa upole. Dakika tano, alisema, hazirudishi hata ule umeme uliotumika kuwashia, kwa hiyo kila Jumapili nilikuwa naitoa betri damu kidogo. Hazipashi injini joto la kukausha maji yanayotokana na uchomaji, kwa hiyo yanabaki kwenye ekzosi na kwenye oili. Na mafuta ndani ya tangi hayapungui kiasi cha kukulazimisha ununue mapya. Gari likiachwa, ama liendeshwe kweli, nusu saa barabarani, au liandaliwe kulala na liachwe lilale. Hapa katikati pangu hapakuwa na faida yoyote.

Nikaketi na hilo kwa muda mrefu. Ile miezi minne ya utunzaji wangu mwaminifu, ambayo nilikuwa nikijivunia, ndiyo iliyoua betri.

Kisha fundi akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akanipa na mimi ninuse. Kilinuka petroli. Kila nilipozungusha ufunguo bila injini kushika, mafuta yalipuliziwa ndani ya silinda yasiungue, yakaosha oili kwenye kuta zake na kushuka chini hadi kwenye sampu. Halafu tukaliendesha kilimani kwa oili iliyochanganyika na petroli, yaani oili nyepesi isiyoweza kuvilinda vyuma. Plagi zote nne zilikuwa nyeusi na zimelowa. Pampu, ambayo kwenye gari hili imo ndani ya tangi na hupozwa na mafuta yenyewe, ilikuwa imevuta maji, kutu na utomvu kwa nguvu zake zote kila tulipoiambia ivute. Sauti yake ilikuwa ya kusaga. Nozeli mbili kati ya nne zilikuwa zimeziba.

Hapa ndipo naomba msomaji anisikilize kuliko mahali pengine. Asubuhi ile ya kwanza, kabla sijagusa ufunguo, gari la mjomba lilikuwa na tatizo dogo sana. Utomvu wote ulikuwa bado umelala ndani ya tangi. Maji yote yalikuwa chini ya tangi. Nozeli zilikuwa safi kiasi zilivyoachwa. Kazi iliyohitajika ilikuwa kutoa lita ishirini na tano, kubadilisha chujio, kumimina mafuta mapya na kuchaji betri, na ingekwisha kabla ya adhuhuri. Badala yake tulinunua pampu, tukasafishisha nozeli, tukabadilisha plagi na oili mara mbili, na pesa zake zingejaza tangi lile mara nyingi. Uchafu haukwenda injini wenyewe. Sisi ndio tuliousukuma, mzunguko mmoja wa ufunguo baada ya mwingine, kwa sababu tulizionea huruma lita ishirini na tano.

Nilimtazama fundi alivyofanya siku ile. Alitenganisha betri kwanza, kichwa cha hasi, ili pasiwe na cheche. Aliuliza kama kuna jiko linalowaka upande wowote, akaenda kutazama mwenyewe bila kuamini jibu. Alikataa kufanyia kazi chini ya paa ingawa jua lilikuwa kali. Mabaki ya tangi aliyatoa kwa pampu ya mkono, ile ya kubinya, yenye mpira mwembamba, kitu ambacho kingetupunguzia siku sita za hospitali na kinauzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya spea. Madumu aliyoyatumia yalikuwa ya mafuta, yenye vifuniko vya kukaza, na aliyaweka chini ardhini wakati wa kujaza. Alipobadilisha chujio alilipasua la zamani akatuonyesha karatasi yake, nyeusi na inayonata kama njugu zilizopikwa kwa sukari. Akamimina lita kumi mpya. Halafu, na hili nililiandika, alizungusha ufunguo hadi taa za dashibodi zikawaka, akaishia hapo bila kupiga stata, akasubiri sekunde chache, akazima, akarudia mara nne tano, ili pampu mpya isukume mafuta mapya hadi mbele kabla ya injini kuombwa chochote. Ndipo akapiga stata. Likashika mara moja.

Kuhusu mafuta yaliyotolewa, alituambia atayabeba Gatsata, ambako wanajua wa kuwakabidhi. Kisha akatuuliza yale ya mtaroni yamekwenda wapi. Tukakaa kimya. Mtaro wa nyuma ya nyumba ya mjomba unaingia Mpazi, mfereji mkubwa unaokusanya maji ya mitaa yetu na kuyashusha Nyabugogo. Mto Nyabugogo unaingia Nyabarongo, Nyabarongo inakuwa Akagera, Akagera inamwaga Ziwa Viktoria, na kutoka huko ni Nile. Kando ya njia hiyo yote kuna mtu anayeteka maji, anayemwagilia mboga, anayevua sato. Kigali imetumia miaka na fedha nyingi kuyaokoa mabonde yake ya maji, kuhamisha viwanda kutoka Gikondo, kulifufua bonde la Nyandungu ambalo mwaka 2022 lilifunguliwa kuwa bustani ya watu. Sisi tulimwaga yetu kwenye mtaro kwa sababu dumu la tatu halikuwepo.

Wenye magari ya mazutu, yaani dizeli, wasidhani hadithi hii haiwahusu. Mazutu hukaa muda mrefu zaidi kuliko petroli bila kuharibika, miezi sita hadi mwaka yakitunzwa vizuri, lakini yana adui wake. Pale maji yanapokaa chini ya mazutu, kwenye mpaka wa vimiminika hivyo viwili, huota vijidudu na ukungu vinavyoishi kwa kuyala mafuta yenyewe. Vinaacha ute mweusi unaoziba chujio, na hilo huonekana sana kwenye majenereta, ambayo hukaa kimya miezi mingi na kutakiwa kuamka siku umeme ukikatika. Nasikitika kila ninapoona jenereta la zahanati au la kanisa limejazwa mafuta mwaka juzi na watu wanalitegemea. Na sasa kuna magari ya haibridi, ambayo yamejaa Kigali. Yale ya kuchaji ukutani huweza kutembea wiki nyingi kwa umeme mtupu, mwenyewe akifurahi kwamba mshale wa mafuta haushuki, kumbe petroli inazeekea ndani ya gari linalotembea kila siku.

Kama unajua gari litakaa, fundi alituachia maagizo ambayo ni mepesi. Lijaze tangi hadi juu, petroli mpya, ili hewa yenye unyevu ikose nafasi. Dawa ya kuhifadhi mafuta ipo madukani, lakini itiwe siku ile ile mafuta yakiwa mapya, na injini iwashwe dakika kumi ili dawa ifike hadi kwenye nozeli. Ukiitia kwenye mafuta yaliyokwisha kuharibika ni sawa na kumpaka maiti dawa ya kidonda. Tenganisha betri. Na mtu mwingine akiachiwa ufunguo, aambiwe siku ambayo mafuta yalitiwa, maana asiyejua umri wa mafuta hana cha kuhesabia.

Mjomba alilipa kila kitu, pamoja na gharama za hospitali za kijana, bila kunung'unika. Kwa mama wa Rwamagana alikwenda mwenyewe, akiwa amevaa kanzu yake nyeupe, akakaa naye mchana kutwa. Sikujua walizungumza nini.

Mwaka ule ule, Julai 14, ikatangazwa kwamba Kigali na wilaya nane zitafungwa tena kuanzia tarehe 17. Jioni ya tarehe 16 vituo vya mafuta vilikuwa na foleni ndefu. Mjomba alisimama kwenye foleni saa nzima, akajaza tangi hadi pampu ikakata yenyewe, akarudi, akaliegesha gari chini ya mparachichi na kuchomoa kichwa cha hasi cha betri. Nilimkuta akikata kipande cha karatasi kutoka daftari la shule la mjukuu wake. Aliandika kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa: PETROLI YA 16/7/2021. Akaifunga kwa uzi kwenye usukani, mahali ambapo mkono wa mwenye ufunguo ungeifikia kabla ya kufika kwenye stata.

Kijana wa nyumba ya nyuma alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Bado alikuwa akikohoa kidogo jioni, hewa ikipoa.

"Mzee," alisema, "na chini yake andika: usijaribu."

Mjomba akaifungua ile karatasi, akaandika, akaifunga tena.